Nauli ya Mzigo: shajara ya mradi wa kupanga ada za kutuma bidhaa kutoka Kisumu

Mradi huu unaandaa jedwali moja la ada za kutuma kwa duka la mtandaoni linalouza kazi za mikono za huku kwetu: vikapu vya gugu maji na mikeka ya mafunjo, vyombo vya mawe laini ya Kisii yanayochongwa Tabaka, na hereni za shanga. Kinachotafutwa ni kimoja. Mnunuzi alipe kile ambacho safari ya mzigo wake imegharimu kweli, wala muuzaji asitoe pesa mfukoni kuziba pengo. Faida ikae kwenye bei ya bidhaa, mahali inapoonekana. Bei zilizomo humu ni za mfano wa hesabu; atakayefuata njia hii aweke za kwake.

Siku ya 1

Kupima. Mizani ya jikoni ya kilo 5 inatosha kwa kila kitu isipokuwa mikeka, ambayo kwa urefu wake inahitaji mizani ya kuning'iniza. Kwa vipimo, utepe wa fundi cherehani. Kila bidhaa imepimwa mara mbili, ikiwa tupu na ikiwa imefungwa tayari kwa safari. Wauzaji wengi hukosea hapa hapa mwanzoni, kwa kuandika uzito wa bidhaa tupu na kusahau kwamba katoni, karatasi na selotepu navyo hupanda mizani.

Bakuli la mawe, kipenyo sm 15: tupu gramu 900, limefungwa gramu 1,250, katoni sm 20 × 20 × 12.
Seti ya vikapu vitatu vinavyoingiana: tupu 1,050, imefungwa 1,300, katoni sm 30 × 30 × 22.
Kikapu kikubwa cha nguo chenye mfuniko: tupu 1,600, kimefungwa 2,150, sm 42 × 42 × 52.
Mkeka wa mafunjo ulioviringishwa: tupu 2,500, umefungwa 2,700, sm 180 × 15 × 15.
Hereni: gramu 25, ndani ya bahasha gramu 45.

Gugu maji hunywa unyevu. Seti ya gramu 1,050 iliyoachwa barazani usiku mmoja wa mvua imeamkia gramu 1,130. Hizo gramu 80 si neno kwenye basi, ila posta zinaweza kuuvusha mzigo ngazi nzima ya bei. Kwa hiyo uzito wa kuandika kwenye jedwali ni ule wa msimu wa masika, si wa Januari. Jambo la pili ni ukungu. Kikapu chenye unyevu kikizibwa ndani ya nailoni kitatoa madoa meusi kabla hakijafika. Kianikwe juani siku mbili, kifungwe kwa karatasi kwanza, nailoni ije juu yake na iachwe upenyo mdogo upande mmoja.

Siku ya 2

Ujazo. Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege hazitozi kwa kilo peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, kisha hulinganisha jibu na uzito wa mizani na kutoza kwa ule ulio mkubwa.

Bakuli: 4,800 kugawanya kwa 5,000 ni kilo 0.96. Mizani inasema 1.25, basi inatozwa 1.25. Jiwe ni zito kuliko nafasi linayokalia, na hapo hakuna la kushangaza.

Vikapu ni habari nyingine. Seti ya kilo 1.3 inahesabiwa kilo 3.96. Kikapu cha nguo, ambacho mtoto wa darasa la tatu anakibeba kwa mkono mmoja, kinahesabiwa kilo 18.35. Mkeka wa kilo 2.7 unakuwa kilo 8.1. Muuzaji aliyekadiria nauli ya ndege kwa kushika kikapu mkononi atatozwa karibu mara tisa ya kilo alizozipanga, na kama mnunuzi ameshalipa, hilo pengo ni lake.

Posta hupima kwa mizani. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu kipeto kidogo cha kwenda nje ya nchi cha hadi kilo 2, mradi urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sm 90 na upande mrefu usizidi sm 60. Seti ya vikapu: 30 na 30 na 22 ni 82. Inapita, na inalipiwa kilo 1.3 badala ya 3.96. Haya ndiyo matokeo makubwa ya siku mbili hizi. Katoni ikipanuka hadi sm 34 kwa urefu na upana, jumla inafika 90 kamili, na kadibodi ikivimba kidogo tu mzigo unatoka kwenye daraja hilo. Kwa hiyo kipimo kimepelekwa kwa wasusi: kikapu cha nje cha seti kisizidi kipenyo cha sm 28. Ada inaanza kupungua kwenye mikono ya msusi, kabla hata ya kufika kwa mfungaji.

Kikapu cha nguo (jumla sm 136) na mkeka havipiti. Hivyo viwili viuzwe nchini tu hadi ipatikane njia nyingine.

Siku ya 4

Gharama za bakuli moja kutoka Kisumu hadi Nakuru kwa basi, hatua kwa hatua.

Katoni 50. Plastiki yenye viputo vya hewa 35. Selotepu mita mbili na nusu: roli ya mita 45 kwa shilingi 150 inatoa shilingi 3.33 kwa mita, hivyo 8. Kibandiko cha anwani 5. Dakika 12 za mfungaji kwa shilingi 200 kwa saa: 40. Jumla 138.

Hapo kwenye dakika 12 pana ubishi wa haki. Wapo wanaosema kazi ya kufunga ni ya duka na isimguse mnunuzi. Mradi umeamua iingie kwenye ada, kwa sababu bakuli lile lile likinunuliwa soko la Kibuye Jumapili linaviringishwa gazeti na mtu anaondoka nalo. Bei ya bidhaa ibaki ile ya mezani Kibuye, na yote yanayoongezeka kwa sababu ya safari yakae kwenye safari.

Boda hadi steji 100 kwa safari moja. Mzigo ukipelekwa peke yake unabeba mia nzima. Ikisubiriwa minne, kila mmoja unabeba 25. Ndiyo maana siku za kutuma zimewekwa mbili, Jumanne na Ijumaa, na zimeandikwa kwenye kila bidhaa ili mnunuzi ajue mapema. Anayetaka leo leo alipe 100 kamili. Hilo ni chaguo lake na ni haki.

Ofisi ya parseli ya basi 250. Akiba ya kuvunjika: bakuli ni 1,200, na tukikadiria moja litavunjika katika 50, kila mzigo uchangie 24.

138 + 25 + 250 + 24 = 437. Ada: 440.

Anayeuza kupitia jukwaa linalokata asilimia ya fedha zote, pamoja na za kutuma, ana hatua moja zaidi, na hapa kuna kosa la hesabu linalorudiwa kila mahali. Jukwaa likikata asilimia 15, watu huzidisha 437 kwa 1.15 na kupata 502.55. Lakini asilimia 15 inakatwa kwenye 502.55 yenyewe, zinabaki 427.17, na karibu shilingi 10 zimepotea kwa kila mzigo. Unatakiwa kugawanya: 437 kwa 0.85 ni 514.12. Kata asilimia 15 hapo, unabaki na 437 yako.

Siku ya 5

Maeneo. Jaribio la kwanza lilipanga kwa kilomita, na halikushika. Nairobi iko mbali na Kisumu karibu mara tatu kuliko kisiwa cha Mfangano ukipima kwa ramani, lakini mzigo wa Nairobi unapanda basi moja na kushuka. Wa Mfangano unapita Bondo hadi Luanda Kotieno, unavuka kwa feri hadi Mbita, halafu unatafutiwa boti. Kila mkono unaoupokea unataka chake.

Hesabu ya namna hii ina umri mrefu. Mwaka 1837 Rowland Hill, Mwingereza aliyepigania mageuzi ya posta, alionyesha kwamba kusafirisha barua kutoka London hadi Edinburgh kuligharimu sehemu moja ya 36 ya peni, na kwamba fedha nyingi ziliishia kwenye kuzipokea, kuzihesabu na kuzigawa. Mwaka 1840 Uingereza ikaanza kutoza peni moja kwa barua nyepesi popote nchini. Mzigo wa kilo mbili si barua, ila kanuni inabaki: hesabu mikono kwanza, kilomita baadaye.

Eneo la 1, Kisumu mjini: Kondele, Milimani, Nyalenda, Mamboleo, Dunga. Boda moja kwa moja hadi mlangoni. Katoni haihitajiki: viputo 35, mfuko 10, dakika tano 17, boda 150, akiba 24. Ada 240.

Eneo la 2, matatu moja bila kubadilisha: Kakamega, Siaya, Busia, Kericho, Kisii, Homa Bay. Nauli ya mzigo 200, ada 390.

Eneo la 3, basi moja la mwendo mrefu: Nakuru, Eldoret, Nairobi. Ada 440.

Eneo la 4, popote panapohitaji vyombo viwili vya usafiri. Nauli mbili, 250 na 200, ada 640. Mahali pakihitaji vitatu, muuzaji aulize kwanza ndipo ataje bei.

Maeneo yanayofanana majina yamesababisha marekebisho kwenye fomu ya oda. Luanda ya Vihiga na Luanda Kotieno ya Siaya si mahali pamoja, na ada zake si sawa. Fomu sasa inauliza kaunti, steji ya karibu na nambari ya simu. Kwa mizigo ya posta inauliza pia sanduku la posta na msimbo: 40100 Kisumu, 20100 Nakuru, 50100 Kakamega, 40200 Kisii.

Siku ya 8

Majaribio ya kufunga, kwa sababu ile akiba ya shilingi 24 inasimama au kuanguka hapa. Bakuli limedondoshwa kutoka kimo cha meza, sm 75, mara kumi: kona moja, kingo tatu, pande zote sita.

Ufungaji wa kwanza, viputo mzunguko mmoja na gazeti lililokunjwa, ulishindwa kwenye kona. Ukingo wa bakuli ulimeguka kipande cha ukucha. Sababu ilionekana katoni ilipofunguliwa: gazeti lilikuwa limelala upande mmoja baada ya midondosho mitatu, na bakuli likabaki linagusa kadibodi. Gazeti lililokunjwa tambarare halirudi likishabonyea. Likifinyangwa mafundo makavu, moja moja kama ngumi ya mtoto, linasukuma. Ufungaji wa pili: viputo mizunguko miwili, mafundo ya gazeti pande zote sita, na walau vidole viwili vya nafasi kati ya jiwe na kadibodi. Umepita midondosho yote kumi.

Kabla ya selotepu ya mwisho, tikisa katoni karibu na sikio. Ukisikia chochote kikicheza, fungua uongeze mafundo. Selotepu ipite kwenye mshono wa katikati na kwenye kingo zake mbili kama herufi H, juu na chini ya katoni, kwa maana ukanda mmoja wa katikati hufunguka pembeni mzigo mwingine ukiwekwa juu.

Siku ya 9

Vipande zaidi ya kimoja. Mipangilio ya kawaida ya programu nyingi za duka hujumlisha ada kwa kila kipande, hivyo bakuli mbili kwenda Nakuru zinatozwa 880. Gharama ya kweli ya bakuli la pili: viputo 35, dakika tano 17, tofauti ya katoni kubwa 20, akiba 24. Jumla 96. Nauli ya basi haibadiliki kwa kilo mbili na nusu. Ada ya kipande cha pili imewekwa 100, na bakuli mbili zinakuwa 540. Ile 340 iliyokuwa inazidi ni pesa ya mtu, na huyo ndiye mnunuzi aliyekuamini akachukua viwili.

Jedwali sasa lina safu mbili kwa kila bidhaa: ada ya kwanza na ada ya nyongeza. Oda ikichanganya bidhaa, chukua ada ya kwanza iliyo kubwa kuliko zote, halafu ongeza nyongeza za zilizobaki.

Oda za mfano 12 zimepitishwa humo. Mbili zimeonyesha mapungufu. Oda ya hereni na bakuli iliongezewa shilingi 60 za hereni, ilhali bahasha ya gramu 45 inaingia kwenye katoni bila gharama yoyote ya maana. Nyongeza ya hereni imekuwa sifuri. Oda ya kikapu cha nguo pamoja na bakuli ilihesabiwa kama mizigo miwili, wakati bakuli linakaa ndani ya kikapu. Ila lisiachwe huru humo: jiwe la gramu 900 likirukaruka barabara nzima linakata nyuzi za chini. Lifungwe kwa viputo, likalishwe katikati ya kitako, lishikwe kwa kamba mbili zinazopita kwenye ususi, na nafasi ijazwe karatasi.

Siku ya 11

"Kutumiwa bure." Pendekezo lilikuwa kuingiza 440 kwenye bei ya kila bakuli na kutangaza kwamba kutuma ni bure. Hesabu imelikataa. Mnunuzi wa Kondele, ambaye safari yake ni 240, angelipa 200 za safari ya mtu wa Eneo la 4. Na bakuli la 1,200 lingeandikwa 1,640, huku lile lile likionekana Kibuye kwa 1,200.

Badala yake kimewekwa kiwango cha oda. Duka likiamua linaweza kuachia asilimia 10 ya oda, gawanya ada kwa 0.10. Kwa Eneo la 3: oda kuanzia 4,400 ndiyo inayotumwa bila malipo. Kwa Eneo la 1: kuanzia 2,400. Viwango viwili tofauti vinaonekana vigumu kueleza, lakini mnunuzi hutazama cha eneo lake tu.

Pia ada isisubiri mtu aulize. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji kuhusu bidhaa na huduma, na ada ya kutuma ni sehemu ya bei. Iwekwe chini ya bei, maeneo yote manne, kabla ya kitufe cha kulipa. Na iandikwe inaishia wapi: "Ada hii inafikisha mzigo ofisi ya parseli, mpokeaji aje na kitambulisho na nambari ya risiti." Bila sentensi hiyo, mtu atasubiri mlangoni, mzigo utalala ofisini, na ofisi zinazotoza uhifadhi zitaanza kuhesabu siku. Picha ya risiti itumwe kwa mnunuzi saa ile ile mzigo unapopokelewa.

Siku ya 12

Nje ya nchi, kwa ufupi, maana ni seti za vikapu, bakuli na hereni tu. Kipeto kinahitaji tamko la forodha: fomu CN22 kwa thamani isiyozidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), zaidi ya hapo CN23. Andika kitu chenyewe ("vikapu vitatu vya kusukwa, nyuzi za mmea"), idadi, uzito na bei aliyolipa mnunuzi. Kuandika "zawadi" au thamani ndogo ili mtu akwepe ushuru ni uongo, na mzigo ukipotea fidia hufuata thamani ile ndogo iliyoandikwa.

Ushuru na kodi za nchi ya mnunuzi si sehemu ya ada yetu, ila lazima atajiwe. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya hadi dola 800 kuanzia 29 Agosti 2025. Mnunuzi asiyeambiwa anaweza kuukataa mzigo mlangoni, na gharama ya kuurudisha ikamfuata muuzaji.

Siku ya 15

Tofauti na marejesho. Nauli halisi ikiwa chini ya ada kwa zaidi ya shilingi 50, tofauti inarudishwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, na gharama ya kuituma ni ya duka. Nauli ikizidi, duka linabeba na jedwali linarekebishwa. Mnunuzi haongezewi baada ya kulipa. Kosa likiwa la duka, duka linalipa kwenda na kurudi. Mtu akibadili nia tu, kurudi ni juu yake.

EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Nauli za mizigo hazipandi kila mara mafuta yanapopanda, hivyo tarehe 15 ni siku ya kupiga simu ofisi tatu za parseli na kuuliza, si ya kubadilisha kwa kukisia. Ada ikibadilika, oda zilizokwisha kulipwa zinaenda kwa ada ya zamani.

Kilichobaki ni mkeka. Urefu wa sm 180 hautoshi kwenye buti za matatu nyingi, na ukipelekwa juu ya keria unahitaji nailoni nzito na gharama yake ya ziada. Wiki ijayo utajaribiwa ule unaosukwa vipande viwili vya sm 90 na kuunganishwa kwa kamba nyumbani kwa mnunuzi. Vipimo vyake vilivyofungwa vinatarajiwa kuwa sm 90 × 21 × 21, yaani kilo 7.9 za ujazo. Ujazo haupungui sana, lakini unaingia ndani ya gari.